Gari la spoti ukiwa na watoto: moja la kufanya yote, au mawili yaliyogawana kazi?

Kabla hujalinganisha nguvu za injini, chukua kiti cha mtoto, kile kile anachokalia mwanao, ukakifunge ndani ya gari unalolitamani. Usimwachie muuzaji akufungie. Kifunge mwenyewe, kisha kaa kwenye usukani mahali unapokaa siku zote, na mwenzako akae upande wa abiria. Jaribio hilo huchukua nusu saa, na limenifundisha mengi kuliko miaka yote niliyokesha nikisoma majedwali ya kasi.

Mimi nililifanya nimechelewa, gari limeshakuwa langu. Lilikuwa la milango miwili, lenye viti viwili vidogo nyuma. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na wiki tatu. Kiti chake, cha kutazama nyuma, kiliingia baada ya kukiinamisha na kukizungusha mara kadhaa, lakini ili kikae sawasawa ilibidi kiti cha abiria kisogezwe mbele mpaka magoti ya mke wangu yakagusa dashibodi. Hakulalamika. Alisema tu, "Kwa safari fupi nitavumilia." Safari fupi ikawa kila siku. Na kila tulipofika nyumbani mtoto amelala, nilipinda mgongo kupita nyuma ya kiti cha mbele, mkono mmoja chini ya kichwa chake, mwingine ukipapasa kitufe cha mkanda gizani, nikiomba asigonge kichwa kwenye ukingo wa paa. Alikigonga mara moja. Kidogo tu, ila sijasahau.

Ndiyo maana katika ulinganisho huu sianzi na gari lipi lina kasi. Naanza na aliyekaa nyuma. Na msimamo wangu niuseme mapema: mwenye nafasi ya magari mawili, hata yakiwa ya kawaida kabisa, atafurahi zaidi kuliko mwenye gari moja la gharama kubwa linalojaribu kuwa yote mawili. Asiye na nafasi hiyo anunue gari la milango mitano (minne ya abiria na ule wa buti) linaloendesheka vizuri, kisha aliache kama lilivyotoka kiwandani.

Nani anakaa nyuma, na kwa miaka mingapi

Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa, inayojulikana kwa jina la i-Size, inataka mtoto asafiri akitazama nyuma mpaka apite miezi 15, na wataalamu wengi wa usalama wanashauri aendelee hivyo muda mrefu zaidi. Sababu ni shingo. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kikilinganishwa na mwili wake, na mifupa ya shingo bado ni laini. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama nyuma hupokewa na mgongo mzima wa kiti, kichwa na mwili vikienda pamoja, wakati anayetazama mbele hubanwa na mikanda huku kichwa kikirushwa.

Kiti hicho cha kutazama nyuma ndicho kinachokula nafasi kuliko kitu kingine chochote utakachobeba. Mtoto wa miaka saba anayekalia kiti cha kumwinua hula nafasi ndogo kuliko mdogo wake wa miezi saba. Kwa hiyo tatizo la nafasi lina mwisho. Miaka migumu ni ile mitatu minne ya kwanza kwa kila mtoto, na huo ndio wakati ambao wazazi wengi huuza gari wanalolipenda kwa haraka na kununua lingine kwa hofu. Nimewaona marafiki wakifanya hivyo, nami nilikaribia.

Angalia pia vile vyuma viwili vya ISOFIX, vya kunasia kiti cha mtoto, vinavyojificha kati ya mgongo wa kiti cha gari na sehemu ya kukalia. Si kila gari la spoti linavyo nyuma. Vikiwepo, bado kinahitajika kishikizo cha tatu: ama mkanda wa juu unaofungwa nyuma ya kiti, ama mguu unaokanyaga sakafu. Magari mengine yana kisanduku chini ya sakafu ya nyuma ambacho mguu huo hauruhusiwi kukikanyaga, na utalijua hilo kwa kusoma kitabu cha gari, si kwa macho.

Kwenye gari la viti viwili swali ni mfuko wa hewa. Kiti cha kutazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu ukifumuka humsukuma mtoto kwa nguvu ya kuua. Baadhi ya magari yana swichi ya funguo ya kuuzima upande wa abiria. Mengine hayana, na hapo hakuna mjadala: mtoto huyo hapandi.

Na kama una watoto watatu, pima upana kwa futi kamba. Magari mengi ya ukubwa wa kati yanasema yana viti vitano, lakini viti vitatu vya watoto havikai pamoja mle.

Milango miwili na viti vidogo nyuma

Porsche 911 ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963 ikiwa na viti viwili vidogo nyuma, na muundo huo bado upo. Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, zilizoingia sokoni 2012, zilifuata njia hiyo hiyo. Ukikunja mgongo wa kiti cha nyuma cha 86, matairi manne yanaingia, yaani seti nzima ya kubadilisha ukifika uwanja wa mbio. Wahandisi waliifikiria kazi hiyo kwa makini, na kwa mpenzi wa magari ni zawadi. Lakini inakuonyesha nafasi ile ilipimwa kwa ajili ya nini.

Lipo moja linalostahili kutajwa peke yake: Mazda RX-8, iliyotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012. Ina milango midogo ya nyuma inayofunguka kinyume na ya mbele, haina nguzo katikati, na watu wazima wanne wanakaa kweli. Kumtoa mtoto aliyelala mle ni rahisi ajabu. Tatizo lake liko mbele. Injini yake ya lita 1.3 ni ya rota, yaani badala ya pistoni ina vipande vya pembe tatu vinavyozunguka, na imeundwa iunguze oili kidogo makusudi ili kulainisha vizibo vya kwenye ncha za rota, kwa hiyo kijiti cha oili unakikagua mara kwa mara bila kuchoka. Vizibo vikiisha, mgandamizo hushuka, gari hugoma kuwaka likiwa la moto, na injini lazima ifunguliwe. Kama gari la pili, kwa anayeipenda na kuielewa, sawa. Kama gari pekee la kuwapeleka watoto hospitali usiku, hapana.

Kwa jumla, milango miwili yenye viti vidogo inafaa kipindi kifupi: mtoto ana miaka mitano hadi tisa hivi, anapanda na kujifunga mwenyewe, na miguu bado mifupi. Kabla ya hapo unaumia mgongo wewe, baada ya hapo anaumia magoti yeye. "Baba, miguu yangu haina pa kwenda," aliniambia wa kwangu siku moja, bila kununa, kama anayetoa taarifa.

Gari moja la milango mitano

Hapa ndipo wazazi wengi wanaopenda kuendesha huishia, na wana sababu. Volkswagen Golf GTI ilipooneshwa Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuuzwa 1976, kampuni ilipanga kutengeneza magari 5,000 tu. Kizazi kile cha kwanza kikauzwa zaidi ya 400,000. Injini ilikuwa na nguvu za farasi 110, gari lenyewe halikufika kilo 900, na nyuma mlango ulifunguka wote ukapakia mizigo yako. Watu walikuwa wakingoja gari la namna ile bila kujua.

Tangu hapo chaguo zimekuwa nyingi. Yapo mafupi ya milango mitano kama Honda Civic Type R ya kuanzia 2017 na Toyota GR Corolla ya 2022. Kwenye Type R hizo kuwa macho: nyuma zina viti viwili, hazina cha katikati, kwa hiyo familia ya watoto watatu imeshatoka. GR Corolla inatumia injini ya silinda tatu ya lita 1.6 yenye tabo, ya ukoo mmoja na ya GR Yaris, lakini Yaris ina milango mitatu, na mlango huo mmoja kila upande hubadilisha maisha yako yote ya asubuhi. Yapo ya milango minne yaliyotokana na mashindano ya rali, Subaru Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution, zote mbili za 1992. Na yapo marefu yenye buti la kubebea mizigo: Audi RS2 Avant ya 1994, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Porsche, ilionyesha kuwa gari la kubeba kigari cha mtoto na mbwa linaweza kuwa na nguvu za farasi 315. BMW walikuwa na gari lao la spoti la M3 tangu 1986, lakini waliosubiri M3 ndefu ya kiwandani waliisubiri mpaka 2022.

Faida kubwa ya gari moja haiandikwi kwenye majedwali: unaliendesha kila siku. Gari la pili husubiri Jumamosi tulivu, na Jumamosi tulivu ndiyo hiyo hiyo yenye harusi, mechi ya watoto na bomba linalovuja. Mwenye gari moja hupata kona zake dakika kumi asubuhi, akirudi peke yake baada ya kuwashusha watoto shuleni. Anaizoea klachi yake, anazijua breki zake, mkono wake haupati kutu. Tena analipa bima moja, anahitaji nafasi moja ya kuegesha, ananunua seti moja ya matairi.

Sasa gharama yake, na hapa nitakaa kidogo.

Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Civic Type R ya 2017 ilitoka na tairi za 245/30 kwenye rimu ya inchi 20. Namba ya pili ni asilimia: ukuta wa tairi una urefu wa asilimia 30 ya upana, yaani milimita 73 na nusu. Gari la kawaida la familia lenye tairi za 205/55 lina ukuta wa karibu milimita 113. Tofauti hiyo ya vidole viwili ndiyo inayomeza shimo la barabarani. Isipokuwepo, shimo linapokelewa na rimu, springi, na mtoto aliyekuwa ndio kwanza amepata usingizi. Unaweza kuweka rimu ndogo kidogo na tairi nene, mradi rimu ipite juu ya breki, na kwa mwenye familia hilo ndilo badiliko la kwanza ningelishauri. Gari litapoteza ukali kidogo wa kona, nawe utapata amani.

Kisha kuna kichefuchefu. Mtoto aliyekaa nyuma, chini, haoni barabara. Anaona mgongo wa kiti na kipande cha anga. Wewe uliyeshika usukani unajua kona inakuja, mwili wako umejiandaa, kwake inamshukia ghafla. Gari gumu linaloendeshwa kwa breki za kukata na gesi za kushtua humaliza mtoto ndani ya dakika ishirini. Nilijifunza kuendesha upya kwa sababu hiyo: kuanza kubonyeza breki mapema na kuiachia polepole kabla gari halijasimama, kuzungusha usukani mara moja bila kurudia, kubadili gia bila kichwa cha mtu kutikisika. Na nikiri, nimekuwa dereva bora kuliko nilivyokuwa nikijirusha peke yangu.

Lakini kasoro iliyonifanya niache njia ya gari moja ni nyingine. Gari la mapenzi haliishi kurekebishwa. Leo unabadilisha pedi za breki ziwe kali, kesho shokapu, keshokutwa umeona bomba la moshi. Kila badiliko linalolifanya lipendeze uwanjani linaliharibu nyumbani. Pedi kali hupiga kelele zikiwa baridi na huhitaji joto ndipo zishike, na asubuhi ya kupeleka watoto shule breki ni baridi. Likishushwa, linakwaruza kila tuta. Na likilala gereji, familia nzima imelala nalo. Nimewahi kusimama barabarani na mtoto mgongoni nikingoja usafiri, gari langu likiwa limefunguliwa giaboksi kwa sababu nilitaka klachi nzito zaidi ambayo sikuihitaji. Siku ile hakuna aliyenigombeza, na ningependa angenigombeza.

Kwa hiyo ukichagua njia hii, kubali sharti moja kabla ya kulipa: gari libaki kama lilivyo. Oili nzuri, tairi nzuri, mafuta ya breki yabadilishwe kwa wakati. Basi. Kama moyo wako hauwezi kuliacha gari bila kuligusa, unahitaji magari mawili.

Magari mawili

Kanuni yangu: gari la familia lichaguliwe kwanza, na lichaguliwe na yule asiyependa magari. Sisi tunaopenda tukiachiwa tutaingiza injini kubwa kwa mlango wa nyuma. Mwenye macho ya kawaida ataangalia mambo ya kweli. Kizingiti cha buti kiwe chini ili usinyanyue mizigo mpaka kifuani. Milango ya kuteleza, kwa sababu mtoto wa miaka minne aliye na furaha hufungua mlango kwa miguu yote miwili, na gari la jirani liko sentimita arobaini tu. Kimo kutoka ardhini kiendane na barabara zenu: Subaru Forester, kwa mfano, ina milimita 220, na Toyota 86 ina 130 hivi. Vipuri vipatikane bila kuagizwa mbali. Gari hilo halina haja ya kukusisimua. Linatakiwa liwake.

Ukishalipata, mzigo wote unashuka kutoka kwa gari la pili. Halihitaji viti vya nyuma, wala buti, wala ukimya. Linaruhusiwa kuharibika! Linaweza kukaa juu ya vigingi wiki tatu likisubiri kipuri na hakuna atakayekosa shule. Uhuru huo ndio ninaoupenda kuliko hata kuendesha kwenyewe. Kuna Jumamosi ambazo naamka saa kumi na moja, nyumba imelala, nafungua gurudumu la mbele na kusafisha pini za breki taratibu kwa brashi na grisi mpya, na saa mbili watoto wanapokuja na uji wao mimi nimeshamaliza nakunja matambara.

Na kwa sababu gari hilo limeachiwa kazi moja tu, linaweza kuwa jepesi. Mazda MX-5, iliyozinduliwa Chicago mwaka 1989 na kuvuka magari milioni moja mwaka 2016, ndiyo mfano ulio wazi. Kizazi cha sasa kina uzito wa kilo 1,000 na ushei, na buti la lita 130 linalomeza mabegi mawili laini. BMW M3 ndefu niliyoitaja ina karibu kilo 1,900. Ni gari la ajabu, lakini uzito wote huo unasukumwa kwa injini kubwa, unazuiwa kwa breki kubwa, unabebwa na tairi pana, na kila kimoja cha hivyo huchakaa kwa bei ya ukubwa wake. Gari jepesi lenye nguvu za farasi 130 linatumika mpaka mwisho wa gia ya pili bila kuvunja sheria. Tairi zake ni ndogo, hudumu. Ukiwa ndani yake kwenye kona ya kawaida, kwa mwendo wa kawaida, unahisi kila kitu kupitia makalio na vidole. Kwa mtu mwenye watoto wanaomsubiri nyumbani, furaha inayopatikana kwa mwendo mdogo ndiyo inayofaa.

Wanaokataa njia hii husema ni ya matajiri. Si lazima. Magari mawili ya umri wa kati, lile la familia na hili la viti viwili, mara nyingi hayafiki bei ya gari moja jipya lenye kasi na milango mitano. Lakini bei ya kununulia inadanganya. Bima ni mbili, ukaguzi ni mara mbili, na maegesho lazima yawepo. Mimi hupanga hivi: gari la familia na matairi yake kwanza, kisha akiba ya dharura, kisha gari la spoti kwa bei inayoacha theluthi yake pembeni kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Isiyobaki theluthi, gari hilo bado si langu.

Na kuna gharama ya kutotumia, ambayo wengi hawaijui. Gari linaloegeshwa miezi halipumziki. Betri hushuka, petroli huchacha, diski za breki huota kutu, tairi hutengeneza bapa pale zilipokanyaga. Usiliwashe dakika tano kila wiki ukidhani unalisaidia. Injini ikiwaka hutoa maji, na ikizimwa kabla oili haijapata moto, maji hayo yanabaki kwenye oili na bomba la moshi. Ama uliendeshe nusu saa kamili, ama uliache kimya na chaja ndogo ya kulinda betri. Oili ibadilishwe kila mwaka hata kama hujatembea, na mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewani. Tairi nazo zina tarehe: tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la gari la spoti linaweza kuwa na kashata zake zote na bado liwe gumu kama ubao.

Gharama ya mwisho ni muda, na huu si wako peke yako. Ukichukua saa nne za Jumapili kwenda kuendesha, kuna mtu amebaki na watoto saa nne. Sisi tuliandika kabisa: zangu ni Jumapili ya kwanza na ya tatu asubuhi, za mke wangu ni mbili zilizobaki, na hazijadiliwi. Tangu tuandike, sijawahi kutoka nyumbani nikiwa na hatia, na hiyo imenisaidia kuliko tairi mpya.

SUV zenye kasi, na za umeme

Porsche walileta Cayenne mwaka 2002, Lamborghini wakaleta Urus 2018, hata Ferrari wakatoa Purosangue ya milango minne mwaka 2022. Ni magari yenye uwezo mkubwa, na familia inakaa kwa raha. Kwangu hayajibu swali. Gari la juu lililo zito hushinda kona kwa vifaa, na dereva anabaki kuwa abiria mwenye usukani. Ukipenda kukaa juu na kuongeza mwendo ukiwa umetulia, utaridhika.

Ya umeme yanastahili heshima zaidi. Betri iko sakafuni, kwa hiyo uzito uko chini, na nguvu inakuja papo hapo bila kelele ya kumwamsha mtoto. Hyundai Ioniq 5 N ya 2023 inafika nguvu za farasi 641 kwa sekunde chache za kuongezewa, na ina gia na sauti za kuigiza zilizotengenezwa vizuri kiasi cha kukusahaulisha. Ina pia nafasi ya kutosha nyuma. Inavuka tani mbili, na tairi zitakukumbusha. Kwa aliye na mahali pa kuchaji na nafasi moja tu ya kuegesha, naliona kuwa jibu zuri kuliko mengi yenye injini.

Kusubiri

Mtoto akiwa na miezi miwili na nyinyi wawili hamjalala, usinunue wala usiuze chochote. Gari unalolipenda likiwa limeshalipiwa, lifunike, liwekee chaja, liache mwaka mmoja. Kama huna, kodi gari la uwanjani kwa siku au nenda kwenye gokati, vile vijigari vidogo vya mbio. Nusu saa ya gokati inachosha mikono na kusafisha kichwa, kisha unaondoka bila kubeba bili ya bima. Ukitumia gari lako mwenyewe uwanjani, soma mkataba wa bima kwanza, maana bima nyingi za barabarani hazilipi ajali ya uwanja wa mbio, na mabadiliko ambayo hukuyataja yanaweza kukunyima malipo hata barabarani.

Siku ya kulijaribu

Nenda na wote. Beba viti vya watoto na kigari, uvipakie na kuvipakua mara mbili. Mwenzako aliendeshe, si kukaa tu, kwa sababu siku utakayougua yeye ndiye atakayelishika. Kama klachi ni nzito kwake, ni nzito kwa familia. Pita barabara mbovu mnayoijua. Kisha zima injini, waache watoto washuke wenyewe, na utazame milango inavyofunguka.

Sisi tulifika kwenye magari mawili. Moja lina milango ya kuteleza na makombo ya biskuti ambayo nimeacha kuyafagia. Lingine lina viti viwili. Mkubwa wetu sasa ana umri na urefu unaoruhusiwa kukaa mbele, kiti chake kikiwa kimesogezwa nyuma kabisa mbali na dashibodi, na Jumapili ya tatu ni zamu yake. Huvaa sweta mbili. Anataka paa liwe wazi tangu tunatoka getini, hata kukiwa na baridi, na njiani anasikiliza injini mpaka anajua lini nitabadili gia, anasema "sasa" nusu sekunde kabla yangu.